Shahada na Mashahidi Wake: Uhakiki wa Udaktari Unaopatikana Kazini

Wahenga walisema, asifuye mvua imemnyea. Maana yake ni kwamba neno la mtu aliyepatwa na jambo lina uzito kuliko neno la aliyelisikia kwa mbali. Hekima hiyo ya wazee ndiyo msingi wa aina ya shahada ambayo katika miongo ya karibuni imejitokeza katika vyuo vikuu vya Ulaya, Australia na Marekani, na ambayo inavuta macho ya wakubwa wa mashirika, mabenki, mahospitali na idara za serikali hata nje ya nchi hizo. Ni shahada ya udaktari anayopewa mtu mwenye madaraka makubwa bila ya kuacha kazi yake na kurudi darasani. Kazi yenyewe ndiyo darasa lake. Matatizo ya ofisi yake ndiyo somo lake. Na mabadiliko aliyoyaleta, pamoja na maelezo ya namna alivyoyaleta, ndiyo tasnifu yake.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa la wasomi peke yao, lisilohusu utamaduni wa taifa. Mimi naliona vingine. Namna taifa linavyogawa heshima zake ni sehemu ya utamaduni wake, sawa na ngoma zake na mashairi yake. Ukitaka kujua taifa linathamini nini, tazama linamwita nani daktari, linamwita nani fundi, na nani halimwiti jina lolote. Kwa hiyo katika makala haya nataka kuuliza swali moja: je, udaktari huu wa kazini ni elimu, au ni kilemba cha ukoka anachovikwa mtu ambaye tayari ana vilemba vingi kichwani?

Maneno yenyewe

Kabla ya kuingia ndani ya hoja, yafaa tuyasikilize maneno tunayoyatumia, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kutufanyia nusu ya kazi ya uhakiki.

Neno shahada limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa shahidi na ushahidi. Muislamu atoapo shahada anashuhudia. Chuo kitoapo shahada nacho kinashuhudia mbele ya watu kwamba fulani anajua jambo fulani. Kwa hiyo kila shahada ina maswali mawili ndani yake: ni nani anayeshuhudia, na aliona nini hata akashuhudia? Shahada isiyo na mashahidi walioona kwa macho yao ni karatasi tu.

Neno uzamivu nalo limetokana na kitenzi kuzama. Wataalamu wa lugha walipolichagua kwa ajili ya elimu ya juu kabisa walikusudia kutukumbusha mtu anayeacha uso wa maji na kwenda chini, mahali penye giza na kukosa pumzi, ili arudi na kitu ambacho aliyebaki juu hakukiona. Aliye juu ya maji haitwi mzamiaji hata kama chombo chake ni kikubwa namna gani. Mtu aweza kuwa meneja mkuu kwa miaka thelathini akavuka bahari zote, na bado asiwe amezama hata mara moja.

Mwisho, neno daktari. Katika mazungumzo ya kila siku daktari ni mganga wa hospitali, lakini asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufundisha. Daktari, kwa asili, ni mwalimu. Katika vyuo vya kale vya Ulaya, kama vile Bologna na Paris, aliyefikia daraja hiyo alikuwa amepewa ruhusa ya kufundisha wengine. Wanavyuoni wa Kiislamu, wakiwamo wa pwani yetu, walikuwa na jambo linalofanana na hilo katika ijaza, yaani idhini ambayo mwalimu alimpa mwanafunzi wake afundishe kitabu alichokisoma kwake, pamoja na silsila ya walimu waliokipokezana kitabu hicho. Mwenye ijaza hakuweza kudai kwamba elimu ilianza kwake. Majina ya waliomtangulia yalikuwa yameandikwa juu ya jina lake.

Tukiyaweka pamoja maneno haya matatu tunapata mizani ya kupimia. Mwenye shahada ya uzamivu na awe na mashahidi, awe amezama, na awe anaweza kufundisha. Sasa tuitazame shahada yenyewe kwa mizani hiyo.

Chimbuko lake

Wako wanaoudharau udaktari wa kazini kwa kusema kwamba chuo kikuu si karakana. Hao wamesahau historia. Neno la Kilatini ambalo kwalo Wazungu walipata jina la chuo kikuu lilikuwa, katika zama za kati, jina la chama chochote cha watu wenye kazi moja, wakiwamo mafundi. Walimu na wanafunzi walijiunga kama walivyojiunga mafundi seremala na wafua fedha. Daraja zao zilifanana: mwanagenzi, kisha mfanyakazi aliyekwisha kufunzwa, kisha fundi mkuu aliyethibitishwa na mafundi wenzake kwa kazi waliyoikagua. Kwa maana hiyo, shahada inayopatikana kwa njia ya kazi imerudi nyumbani kwao.

Udaktari wa utafiti tunaoujua leo ndio mgeni. Ulipata sura yake katika vyuo vya Ujerumani katika karne ya 19, hasa baada ya kuanzishwa Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1810. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilitoa shahada ya namna hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1861, na Oxford ikaikubali mwaka 1917 tu. Haikuchukua muda mrefu watu wakaona upungufu wake kwa wale ambao kazi yao ni kutenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kutoa udaktari wa ualimu kwa ajili ya walimu na wasimamizi wa shule. Uingereza ilichelewa: udaktari wa namna hiyo ulianza Bristol mwaka 1992. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Middlesex, London, kikapiga hatua zaidi kwa kuanzisha udaktari usiofungwa na somo moja. Muuguzi mkuu, mkuu wa polisi au mkurugenzi wa kampuni aliweza kuingia, na somo likawa ni kazi yake mwenyewe.

Wala sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Zamani, katika vyombo vilivyovuka Bahari ya Hindi kwa pepo za msimu, aliyejua njia kwa nyota aliitwa muallimu, yaani mwalimu. Na Wareno walipochukua rubani Malindi mwaka 1498 waliandika jina lake pamoja na cheo hicho hicho, wakikitamka kwa namna yao. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, ambaye baba yake na babu yake walikuwa waongoza vyombo kabla yake. Tuiache kando hadithi isemayo kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama, maana wanahistoria wengi wameikataa. Lililo muhimu kwetu ni kwamba mtu huyu, akiwa mkuu wa kazi yake, alikaa chini akaiandika. Kitabu chake kikubwa kuhusu misingi ya elimu ya bahari kilikamilika karibu mwaka 1490, na katika tungo zake nyingine alieleza njia ya kuja pwani yetu hadi Sofala.

Tazama alivyofanya. Hakuandika kwamba yeye ni nahodha mkubwa aliyeheshimiwa bandarini. Aliwataja waliomtangulia, akaonyesha wapi walipatia na wapi walikosea, akatoa vipimo vya nyota ambavyo mwongoza chombo mwingine yeyote aliweza kuvijaribu usiku wa pili yake. Akikosea, bahari ingemsuta. Hapo tunaona sifa zote tatu: amezama, anafundisha, na mashahidi wake ni kila aliyesafiri kwa maneno yake akafika. Huo ndio udaktari wa kazini katika ukamilifu wake, miaka mia tano kabla ya Middlesex.

Utaratibu wake

Katika vyuo vinavyoitoa kwa uangalifu, shahada hii hupatikana kwa hatua zinazojulikana. Kwanza, mtahiniwa hutakiwa kuandika mapitio ya elimu aliyoipata katika maisha yake ya kazi. Hadai miaka aliyokaa kazini, bali aliyojifunza katika miaka hiyo, tena kwa ushahidi: taarifa alizoandika, mipango aliyoisimamia, makosa yaliyomfunza. Sehemu ya elimu hiyo yaweza kuhesabiwa katika masomo yake. Pili, hufanywa mkataba wa kujifunza wenye pande tatu, yaani mtahiniwa, chuo na mwajiri. Tatu, hufanywa kazi yenyewe: mradi mkubwa unaokusudiwa kubadilisha jambo la kweli mahali pa kazi. Nne, huandikwa tasnifu, ambayo mara nyingi huwa fupi kuliko ile ya utafiti wa kawaida, lakini huambatana na zao la kazi, kama vile mwongozo, sera au mfumo mpya wa kuendesha shughuli. Mwisho, mtahiniwa husimama mbele ya watahini na kuulizwa ana kwa ana.

Nyuma ya utaratibu huu mna fikra za watu waliokwisha kutafakari sana juu ya elimu ya watendaji. Wamarekani wawili, Chris Argyris na Donald Schön, katika kitabu chao cha mwaka 1974, walionyesha kwamba kila mtendaji ana nadharia mbili: ile anayoitamka akiulizwa, na ile inayotawala matendo yake bila ya yeye mwenyewe kuitambua. Mwaka 1983 Schön alieleza zaidi jinsi mtaalamu hodari anavyofikiri katikati ya tendo lenyewe, kama fundi anayebadili mkono wake mara anapohisi ubao unakataa. Kwa hiyo elimu ya mtendaji ni kuiona ile nadharia iliyojificha na kuipima. Wazee wetu walilisema kwa ukali zaidi: nyani haoni kundule.

Haki ya shahada hii

Ningekuwa mhakiki dhalimu kama nisingekiri mema yake. La kwanza, inaokoa elimu ambayo vinginevyo hupotea. Kila mwaka watu waliosimamia bandari, mabohari ya dawa, mashamba na mahakama hustaafu, wakapewa saa ya ukutani na hotuba fupi, kisha hurudi makwao na elimu ya maisha mazima vichwani mwao. Anayewafuata huanza upya na kurudia makosa yale yale. Laiti kila mmoja wao angelazimika kuandika kwa ukweli yale aliyojifunza, taifa lingekuwa na maktaba ambayo hakuna mfadhili awezaye kutununulia.

La pili, inakivunja kiburi cha chuo kikuu. Msomi aliyezoea kuandika juu ya mashirika bila ya kuwahi kulipa mishahara ya mwisho wa mwezi hulazimika kusikiliza. La tatu, inaondoa ile fikra tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni kwamba elimu iko shuleni na kazi iko nje ya shule, na kwamba aliyesoma ameepukana na kazi. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, iliupiga vita utengano huo. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaagiza kwamba vijana wa Tanzania wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu, na sifa zao zishuhudiwe na mahali walipofanya kazi. Utaratibu ule haukudumu, lakini swali lake halikufa: je, mahali pa kazi paweza kumshuhudia mtu kwa haki?

Mkubwa na mashahidi wake

Hapa ndipo penye shina la hoja yangu. Shahada hii, ikitolewa kwa fundi, muuguzi au mwalimu wa kawaida, haina hatari kubwa. Juu yake wako wanaomwona, kando yake wako wenzake, na wote waweza kusema. Lakini mtendaji mkuu ana tatizo ambalo wengine hawana: karibu wote wawezao kumshuhudia wanakula kwa mkono wake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme yuko mkurugenzi wa mamlaka ya maji katika mji wa kiasi, mtu mwenye bidii na nia njema, anayetaka kufanya udaktari wa kazini. Tatizo alilolichagua ni maji yanayopotea, yaani maji yanayotoka kwenye mtambo lakini hayalipiwi na mtu. Wanaoijua kazi hiyo wanajua kwamba hasara ya namna hii ina njia mbili. Iko ya mabomba yanayovuja ardhini. Na iko ya mita zilizosimama, maunganisho ya wizi, na ankara zisizofika au zisizolipwa. Mkurugenzi anaanza utafiti wake. Anakusanya takwimu, anaitisha mikutano, anawahoji wafanyakazi wake. Wote wanamwambia mabomba ni ya zamani. Anaandika tasnifu nzuri juu ya mabomba ya zamani, anapata mkopo wa kuyabadilisha, anapata na shahada.

Lakini msoma mita wa mtaa fulani alijua jambo jingine. Alijua kwamba ziko nyumba ambazo alifundishwa na waliomtangulia kuzipita bila kufungua lango, kwa kuwa wenyewe ni watu wakubwa, na baadhi yao hukaa meza moja na mkurugenzi. Fundi bomba naye alijua ni koki ipi hufunguliwa usiku na kwa amri ya nani. Hawakusema. Nani angewalaumu? Aliyewauliza ndiye anayetia sahihi barua za uhamisho.

Je, mkurugenzi huyu amezama? Amekwenda mbali, lakini juu ya maji. Hakusema uongo hata mara moja. Watahini wake hawakufanya upendeleo. Kanuni zote za chuo zilifuatwa. Hata hivyo shahada imetolewa na mashahidi hawakufika mahakamani. Na tatizo hili haliwezi kuondolewa kwa kumsihi mtahiniwa awe mwaminifu, kwa maana yeye mwenyewe ndiye ukuta unaomzuia asione.

Kuna na tatizo la pili, la milki. Tuseme mkurugenzi amekuwa mwerevu zaidi. Amejenga imani kwa wafanyakazi, msoma mita amesema, na mji umeanza kupata mapato yake. Elimu hiyo ni ya nani? Kidole kimoja hakivunji chawa. Msoma mita alileta habari, karani alipanga daftari, fundi alichimba, mhasibu alilinganisha hesabu. Lakini jina moja ndilo linaloandikwa kwenye jalada, na mtu mmoja ndiye anayevaa joho. Katika utafiti wa kawaida msomi aweza kudai kwamba alikaa peke yake na vitabu vyake. Mtendaji hawezi kudai hivyo, kwa sababu kazi ya ofisi ni ya wengi kwa tabia yake. Kuchukua jasho la wengi na kuligeuza kuwa cheo cha mmoja ni jambo ambalo taifa hili limekwisha kulitafutia jina, na jina lake si zuri.

La tatu ni la siri. Mwajiri ambaye ni upande mmoja wa mkataba hupenda mambo ya ndani yasitoke nje, na mara nyingine tasnifu hufungiwa kwa miaka kadhaa. Ziko siri za haki, kama habari za wagonjwa au za usalama. Lakini elimu isiyoweza kusomwa na mtu mwingine haiwezi kusutwa na bahari. Ibn Majid hakuyafungia makosa ya waliomtangulia kabatini.

Mfano wa mwaka 1977

Pengine msomaji atasema kwamba namtaka mkubwa afanye lisilowezekana, yaani ajichunguze hadharani na kukiri alipokwama. Limewezekana. Mwaka 1977 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa bado Rais wa Tanzania, alitoa tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Ndani yake alieleza mafanikio, hasa katika elimu, afya na maji, lakini pia alikiri waziwazi kwamba nchi ilikuwa haijafikia ujamaa wala haijajitegemea, na akayalaumu mashirika ya umma kwa ufanisi mdogo. Ni viongozi wachache waliokalia kiti cha namna hiyo walioandika hivyo juu ya kazi yao wenyewe. Ikumbukwe pia kwamba mtu huyo alitunukiwa udaktari wa heshima na vyuo vingi vya dunia, lakini watu waliendelea kumwita Mwalimu. Kama tulivyoona, hawakumpunguzia kitu. Walilitafsiri tu neno daktari.

Hata hivyo uhakiki haukomi mbele ya mtu tunayemheshimu. Tathmini ile ilikuwa na mwandishi, lakini haikuwa na watahini. Wanavijiji waliohamishwa katika Operesheni Vijiji, waliobeba mabati na vinu vyao kwenda mahali wasipopachagua, hawakuketi katika baraza la kuihoji. Mkubwa alijishuhudia mwenyewe, kwa uaminifu mkubwa kuliko tuliouzoea. Lakini kujishuhudia, hata kwa uaminifu, ni nusu ya ushahidi. Kama hilo lilikuwa kweli kwa kiongozi aliyekuwa tayari kukiri makosa, litakuwa kweli mara ngapi kwa meneja anayetafuta cheo?

Hapa inafaa kutenga mambo mawili yanayochanganywa. Shahada ya heshima ni zawadi. Chuo humpa mtu kwa kuwa kimempenda au kimeyapenda matendo yake, na mpokeaji hakufanya mtihani. Udaktari wa kazini unadai kuwa mtihani. Ukitolewa kwa ajili ya cheo, unakuwa shahada ya heshima iliyovaa nguo za kuazima, na inayolipiwa ada.

Lugha ya tasnifu

Limebaki jambo moja, nalo ni la lugha. Tangu mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilipoagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, mazungumzo ya kazi katika ofisi nyingi yamekuwa ya Kiswahili. Vikao vya wafanyakazi, maonyo, maafikiano, utani wa kwenye ngazi, yote ni Kiswahili. Nadharia ile iliyojificha, ambayo Argyris na Schön waliitafuta, kwetu imejificha katika Kiswahili. Inakaa katika maneno kama vile bwana mkubwa, chai, kujuana, na njoo kesho. Lakini tasnifu juu ya ofisi hiyo huandikwa kwa Kiingereza, katika lugha ambayo neno njoo kesho hugeuka kuwa ucheleweshaji wa huduma, na ile harufu yake yote hutoweka.

Hasara yake ni mbili. Mtafiti hupoteza kitu alichokizamia akiwa njiani kurudi juu. Na msoma mita, fundi na karani hawawezi kuisoma hukumu iliyotolewa juu ya kazi yao, wala kusema, hapa umekosea. Haiwezi kuwa kisingizio kwamba Kiswahili hakitoshi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu za uzamivu katika taaluma ya Kiswahili zimekwisha kuandikwa kwa Kiswahili na kutetewa kwa Kiswahili. Kama lugha hii yaweza kubeba nadharia za isimu na fasihi, itashindwaje kubeba habari ya koki na ankara?

Hitimisho

Nimeuliza mwanzoni kama udaktari wa kazini ni elimu au ni kilemba cha ukoka. Jibu langu ni kwamba waweza kuwa chochote kati ya viwili hivyo, na kinachoamua ni mashahidi. Chuo kinachotaka kuutoa kwa haki kiende chenyewe mahali pa kazi, kikae na walio chini ya mtahiniwa wakati yeye hayupo, na majina yao yalindwe. Miongoni mwa watahini awepo mtu aliyewahi kuifanya kazi ile kwa mikono yake. Waliochangia elimu watajwe, kama ijaza ilivyowataja walimu. Na tasnifu, au walau kiini chake, isomwe kwa Kiswahili mbele ya wafanyakazi waliomo ndani yake, nao wawe na haki ya kujibu kabla joho halijavaliwa.

Mkubwa atakayeogopa masharti haya amekwisha kutuonyesha shahada aliyokuwa akiitafuta. Atakayeyakubali anastahili heshima yetu yote, kwa kuwa kuzama ukiwa na cheo shingoni ni kazi ngumu kuliko kuzama bila cheo.

Katika mila za pwani kilemba hakikuwa nguo ya kichwani tu. Kilikuwa pia jina la zawadi ambayo mwanagenzi, akimaliza kujifunza, alimpelekea fundi aliyemfunza. Hakikutoka kwa fundi kwenda kwa mwanagenzi. Kilitoka kwa aliyefuzu kwenda kwa aliyemfunza. Mtendaji aliyepata udaktari kwa kazi ya shirika lake ana deni la namna hiyo, na wadai wake anawajua kwa majina: hupishana nao langoni kila asubuhi, wakiwa na madaftari ya mita mikononi.